Taa ya Mbele

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, ndege ya Kapteni Mihayo ilikata kona kuingia maegeshoni, taa yake ya mbele ikimmulika usoni mwongoza ndege aliyesimama na vijiti viwili vyekundu. Alikuwa Nyamizi, mkewe.

Zamani marubani waliizima taa hiyo kwa heshima, wasimtie mtu kiwi. Siku hizi kamera ndizo zinazopima njia, nazo zinataka mwanga, hivyo sheria inakataza kuizima kabla injini hazijasimama. Anayeizima mara tatu hunyang'anywa leseni. Mihayo alikuwa ameizima mara mbili, zote kwa ajili ya Nyamizi.

Juzi nyumbani, Nyamizi alimimina chai mezani, kando ya kikombe. "Usingizi tu, baba Kulwa," alisema, akapangusa.

"Kapteni, mkono huo unakwenda wapi?" aliuliza Sikudhani, rubani msaidizi aliyeketi kando yake, alipomwona Mihayo akinyoosha kidole kwenye swichi ya taa. "Wakikufutia leseni utarusha nini, kuku?"

"Nimechoka kumchoma macho mama watoto."

"Si avae miwani ya jua!"

"Wamekatazwa. Kamera haziwatambui."

Mihayo alikanyaga breki, ndege ikasimama mita sita kabla ya mstari. Akazima taa. Kompyuta iliandika: kosa la tatu. Mafundi waliosimama pembeni walishusha mikono waliyokuwa wamekinga nayo macho.

Nyamizi hakuwa amepepesa taa ilipommulika, wala hakupepesa ilipozimika. Aliendelea kupunga vijiti vyake taratibu, akiiita ndege isogee mbele, kana kwamba bado inamjia.