Mtoto wa Thelathini na Mbili

Nchini kwetu damu pekee haikufanyi mtoto wa mtu. Lazima watazamaji wauone undugu wenu, wauamini, ndipo uandikwe rasmi. Ndiyo maana mama yangu, Bi Mwanakheri Shomvi wa Bagamoyo, ana watoto thelathini na mmoja, wote wa jukwaani na wa sinema.

Siwalaumu watazamaji. Mama ameigiza miaka arobaini, na akimpakata mtoto jukwaani, hata mkata tiketi huacha mlango akaja kulia. Sikukuu watoto wake hujaa nyumbani, nami nawapakulia pilau. Wananiita "dada wa jikoni."

Mimi ndiye pekee niliyetoka tumboni mwake, na sijaandikwa. Mara mbili nimesimama naye mbele ya watazamaji. Walimwamini yeye, mimi wakanitilia shaka. Kesho ni mara ya tatu, na hakuna ya nne.

Jana, tukichambua mchele, nilimwomba anifundishe kuaminika jukwaani. Alifurahi mno. Aliweka ungo chini, akaketi wima kwenye kigoda, na uso wake ukawa wa yule mama niliyemtamani tangu utotoni.

"Haya, niite," akasema.

"Mama."

Machozi yakanitoka, na sikuwa nimeyapanga.

Alinitazama kwa makini, kwa upole wake wote wa kazini, kisha akatikisa kichwa.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Hapo sijakuamini."