Vikopo Arobaini

Kikopo cha kwanza kilipofunguliwa, Bi Najat alijiziba pua kwa ncha ya mtandio. Si kwamba harufu ilimfikia. Alitaka Daktari Ernesti aone kuwa yeye si mtu wa vikopo.

Vilipangwa arobaini juu ya meza ndefu ya zahanati, kila kimoja na jina na umri kwa mwandiko wa Bi Najat. Daktari, aliyetoka Tanga mjini na boksi la vipimo, alikuwa anachota choo kidogo, anakikoroga kwenye dawa, anadondosha tone kwenye kipande cha plastiki, anasubiri. Mstari mmoja, salama. Mistari miwili, kuna damu iliyojificha, na mwenye choo hicho apelekwe mjini akaangaliwe utumbo kwa kamera, isije ikawa saratani.

"Nimepita vijiji sita," alisema daktari. "Hakuna kilicholeta vyote. Hata Kigombe kwa mhudumu mwenzako Bi Chiku ni thelathini na kimoja tu. Wewe umewezaje?"

"Ulimi, daktari. Watu hawa ukijua kusema nao, hawakushindi."

Moyoni alikuwa na maneno mengine. Mwezi mzima alikuwa akibisha hodi kwa mambumbumbu. Asmahani alikigeuza kikopo chake kuwa cha chumvi, na alipoulizwa akasema kina kifuniko kizuri, apewe kingine. Masoud, fundi baiskeli, aliambiwa kiasi cha punje ya mtama, akakileta kimejaa pomoni kama anayeshindana. Bi Kazija alikifunga kwa leso tatu, akapita nacho uani kwa uani ili asionekane, na kwa hivyo kijiji kizima kikajua amebeba nini. Bi Najat aliwachekea wote, akawaita mama na baba, na moyoni akawadharau wote.

Wote hao aliwavumilia kwa sababu moja. Mhudumu atakayekamilisha orodha yake ndiye atakayesimamia vijiji vyote mwakani. Alishajiona anamwita Chiku mbele ya watu na kumkagua daftari.

Waliomkera zaidi ni wale saba waliokataa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Tahiri, anayesomesha Kurani barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kirejeshe ulikokitoa, mwanangu."

"Ni punje tu, mzee wangu. Maradhi haya hayapigi hodi. Yakionwa mapema yanatibika."

"Mie miaka sitini natawadha, najisi naikimbia. Leo niichote niitie koponi, niandikwe na jina juu yake? Jina la babangu hilo." Akamtazama vizuri. "Na weye umeshapeleka chako?"

Bi Najat alicheka njia nzima. Swali gani hilo. Miaka hamsini na mbili alikuwa nayo, ndiyo, umri wa kupimwa, na daktari mwenyewe alishamuuliza mbona jina lake halimo kwenye orodha. Lakini yeye alikuwa na vyeti vitatu vya semina ukutani. Alikula mboga za majani, alichemsha maji ya kunywa. Vikopo vilikuwa vya wasiojua. Uchovu uliomkalia tangu Mfungo Tatu, na kizunguzungu kila akipanda ngazi za zahanati, vilitokana na kuwazungukia wajinga juani, basi.

Kufikia Jumatano magharibi wale saba walikuwa bado. Alhamisi asubuhi, daktari alipowasili, orodha ilikuwa imetimia.

Sasa ilikaribia saa sita. Vikopo thelathini na vitatu vilikuwa vimeshapimwa na vyote vilionyesha mstari mmoja, hata cha Masoud. Vilibaki saba vya ukingoni mwa meza, vilivyoletwa mwisho.

"Kijiji cha watu wazima wa afya," daktari alisema, akavuta kimoja.

Akadondosha tone. Akasubiri. Akakisogeza kile kipande dirishani penye mwanga.

"Mzee Tahiri," alisoma. "Mistari miwili."

Bi Najat alikunja mtandio wake akaukunjua. Nusura atabasamu. Mzee wa watu na udhu wake.

Daktari alipima cha pili. Mistari miwili. Cha tatu, miwili. Cha nne alikipima mara mbili. Alivua miwani akaifuta, akafungua pakiti mpya ya vipimo, akarudia kikopo cha Asmahani kuona kama dawa haijaharibika. Mstari mmoja. Akarudi kwenye vile saba, akavimaliza vyote, kimoja baada ya kingine.

"Saba kwa saba," alisema taratibu. "Kazi yangu yote sijaona kitu hiki. Na tazama mistari ilivyokolea, mama, yote sawasawa. Hii damu si ya jana wala juzi." Alianza kuandika rufaa, karatasi saba. "Niitie hao watu leo hii. Wewe wanakusikiliza. Waambie wasione haya, wasikawie hata wiki."

Bi Najat alilipapasa benchi kwa mkono, akakaa. Ngazi za zahanati alizipanda tangu asubuhi, lakini kichwa kilikuwa kinamzunguka.

"Unaanza na nani?" daktari aliuliza. "Mzee Tahiri?"

Mzee Tahiri hakuwa na la kuambiwa, wala wenzake sita. Vile vikopo saba alivijaza Bi Najat mwenyewe, kwa choo chake, alfajiri ile, chooni kwake, huku akiwacheka.