Maji Yamefika Wapi?

"Programu ya zamani nimeshaitoa," Getruda alisema kwenye simu. "Kuanzia sasa kisanduku hakioni kitu. Macho yaliyobaki ni yako, mzee."

"Kama yamebaki ya kwangu, basi mmekwisha," Mzee Mbaruku alicheka kutoka Mashewa. "Hivi wewe mtu wa Handeni, kwenu mnachota maji lamboni. Mto utaujulia wapi?"

"Naomba usitoke mtoni, mzee wangu."

"Macho hayatatoka mtoni, mwanangu."

Getruda aliiweka simu mezani, katika chumba chake cha kazi Korogwe mjini, akautazama mstari wa kijani kwenye kompyuta. Ulikuwa haujafika hata robo.

Kisanduku kilifungwa kwenye nguzo kando ya mto, na antena yake juu ya mlingoti mrefu, ipate kunasa mtandao. Kazi yake ilikuwa kupima maji, na yakifika alama nyekundu kipige king'ora, watu wanaopalilia mpunga bondeni wapate kutoka. Lakini tangu jana kilikuwa kikileta namba ileile, na kule milimani mvua hainyamazi. Programu yake ilikuwa imekwama.

Ilihitajika programu mpya, na kumbukumbu ya kisanduku ilikuwa ndogo mno. Haikuweza kubeba ya zamani na mpya kwa pamoja. Ilibidi ya zamani itoke kwanza, ndipo mpya iingie, tena kidogo kidogo, kama gunia la mahindi linalohamishwa kwa kikombe. Kila kipande kilibeba maelezo yake kichwani: ni cha ngapi, kina urefu gani, na hesabu ya kukihakiki. Kisanduku kilipokea kipande, kikakikagua, kikakiweka mahali pake, ndipo kikaomba kingine. Kilichofika kimeharibika kiliombwa upya.

Getruda alikuwa mgeni kazini, na Mashewa hajawahi kufika. Namba ya Mzee Mbaruku aliachiwa na fundi aliyemtangulia. Alimwomba mambo mawili: amtajie kila alama ambayo maji yanaifikia, ili ailinganishe na namba za kisanduku kikiamka, na yakigusa nyekundu, awapigie kelele watu wa majarubani, kule kwenye mpunga.

Faudhia, muuza chai wa hapo nje, aliingia na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Aliuona uso wa Getruda, akakiweka taratibu, akatoka bila kuuliza.

"Maji yamefika wapi, mzee?"

"Subiri."

Alisubiri sana. Alimsikia mzee akipaza sauti pembeni: "Nini? Rudia!" Mtu fulani akacheka. Kisha mzee akarudi.

"Jiwe la kufulia limezama. Kwenye nguzo imebaki mistari mitatu kufika nyekundu."

"Uko na nani hapo?"

"Na watu. Mashewa ina watu, si kama kwenu."

Getruda alitaka kucheka, akashindwa. Mstari wa kijani ulikuwa umepita nusu, ukasimama, ukasogea tena.

Alipopiga mara nyingine, nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na mngurumo anaoujua tangu utoto, tangu alipokuwa akitumwa na debe kichwani kutoka kambi ya mkonge. Ilikuwa mashine ya kusaga.

"Mzee, hapo uko wapi?"

"Hapa mashineni kwa Valerian."

"Mashineni ni mtoni?"

"Aa, mashine iko huku juu, barabarani. Mto uko kule bondeni. Sikiliza, umebaki mstari mmo..."

"Mzee! Si nilikuomba usitoke..."

Simu ikakatika.

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Kumbe mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mashine anakunywa kahawa, anamtungia alama na kumcheka na wenzake! Aliwawaza wale kina mama walioinama kwenye mpunga, migongo yao mtoni. Huko Mashewa jua lilikuwa linawaka. Nani angedhani maji yanakuja? Na programu ya zamani isingeweza kurudi. Chai ilipoa chini ya kisahani.

Kipande cha mwisho kiliingia. Kisanduku kiliamka, kikatuma namba yake ya kwanza.

Ilikuwa imepita nyekundu.

Getruda alijiziba mdomo. Hapo hapo simu ikaita.

"Kinalia!" Mzee Mbaruku alipaza sauti. "Kinalia mpaka mbwa wanakijibu!"

"Mzee, watu wa majarubani?"

"Walitoka zamani. Tuliwapigia kelele maji yalipogusa tu nyekundu, kama ulivyosema. Amebaki mke wangu Mwantumu, anayetusomea alama pale kwenye nguzo. Anasema hatoki mpaka fundi atoe ruhusa."

"Atoke! Mzee, mpigie simu sasa hivi atoke!"

"Simu gani, mwanangu? Kule bondeni hakuna mtandao. Unashika hapa tu."

Akageuka pembeni, akaita kwa nguvu zake zote: "Mwantumu atoke!"

"Mwantumu atoke!" kijana mmoja aliidaka, mbali kidogo na simu.

"Mwantumu atoke!" akaipokea mwanamke, mbali zaidi, kisha mwingine, na mwingine, kila sauti ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka Getruda hakuweza kuzisikia tena.