Rola za Sebuleni

Arif alishuka kwenye tuktuk na baiskeli yake ya mbio, akajishikiza mlangoni pa duka la baiskeli la Alkesh mpaka pumzi zikamrudia. Zamani wawili hawa walikuwa wakishindana Malindi hadi Kilifi. Sasa Arif amekonda, shati limemzidi. Tangu arudi kutoka hospitali mwezi uliopita, moyo ulikuwa umemfa ganzi, hafurahi, hahuzuniki.

"Nataka rola," alisema. "Zile za kuendeshea baiskeli sebuleni. Na hii uitengeneze iende nazo."

Alkesh alifurahi mno, maana alikwisha kumkatia tamaa rafiki yake. Alimvutia kiti.

"Daktari amekuruhusu?"

"Daktari hana neno."

Walianza na matairi. Alkesh alitoa mapya yenye mstari mwekundu. Arif akayasukuma kando, akachagua meusi matupu, membamba na laini, yasije yakavuma ndani ya nyumba.

Kwenye gia wakabishana.

"Nitakufungia nyepesi, ndugu yangu. Miguu hiyo haina nguvu."

"Funga nzito. Rola hazina mlima wala upepo, gia nyepesi itazunguka bure tu. Miguu ikilala miezi minne, mbio za Januari ndizo zimekwenda."

Alkesh nusura acheke. Mtu hawezi kupanda ngazi mbili, naye anawaza mbio. Lakini alimfungia gia kubwa, ya meno hamsini na matatu. Alipoambiwa ashushe kiti inchi mbili, alishusha bila kuuliza. Mgonjwa huogopa kuanguka.

"Shemeji anasemaje?"

"Shamim hajui kama nimekuja. Yuko barabara ya Gongoni, mazoezini. Mwaka huu miguu yake imekubali."

"Basi Januari mtakwenda wote wawili."

Arif alilizungusha gurudumu kwa kidole, akalitazama mpaka likasimama. Alkesh alidhani amechoka, akaanza kupakia vitu kwenye tuktuk.

"Rola zina utelezi mwanzo," alisema. "Jioni nitakuja nikushikilie mpaka uzoee."

"Usije wewe," Arif alisema. "Mtume mkeo, matanga yangu yakiisha, amshikilie Shamim. Eda ni miezi minne na siku kumi, na barabarani hatatoka."