Mazoezi ya Kuugua

"Mzee Ojera, ingiza tumbo ndani!"

Ojera akavuta pumzi. Tumbo likaingia kidogo, kisha likarudi mahali pake. Juliet, mwenyekiti wa kikundi, akashika kichwa.

"Nani atalia kwa hii tumbo? Mgeni ataona mtu ya kushiba, atasema hawa wamepona, pesa irudi kwao."

Hilo ndilo lililowakosesha usingizi. Kliniki yao ndogo ya mtaa wa Kisenyi, ya askari wastaafu na wakimbizi wa Kongo wenye virusi vya UKIMWI au kifua kikuu, iliishi kwa msaada wa nje, na msaada ulikuwa ukingoni. Mgeni wa leo, aliyetumwa na wafadhili kukagua, akisema ndiyo, dawa zitaendelea kuja. Akisema hapana, mlango utafungwa. Mwaka jana walimpokea mgeni mwingine kwa ngoma, wakacheza mpaka vumbi likapanda, naye akaenda kuripoti kwamba hawana shida yoyote. Safari hii, Juliet aliamua, wataugua. Watasema dawa zilikwisha mwezi uliopita.

Ojera aliogopa kweli. Kabla ya dawa, mkewe Adyero alimbeba mgongoni hadi hospitali ya Mulago. Hakutaka kubebwa tena, na kwa uzito wa sasa Adyero asingekubali. Basi akapokea fimbo, akavaa shati la kuazima lililomeza tumbo lote, akajifunza kutembea kwa kuyumba.

Katembo, seremala kutoka Beni, alikuwa amepona kifua kikuu zamani, ila alijitolea kukohoa.

"Mama Juliet, ile kikohozi ilikwisha, lakini sauti yake niko naikumbuka."

Akakohoa mpaka fundi wa gereji ya jirani akaja mbio na maji.

Zikabaki simu. Kila siku saa saba mchana simu za kikundi huita kwa pamoja ili wote wameze dawa, na majirani hupakua chakula kwa mlio huo.

"Mtu hana dawa, simu inamuita kumeza nini?" Juliet akauliza. Akazizima zote, akazitia kwenye sufuria, akafunika, akaipeleka sufuria gereji. Leo watachelewa kidogo kumeza.

Mgeni alitoka Nairobi, mwanamke mnene mwenye suti ya kijani. Hata kabla salamu hazijaisha, aliuliza, "Chakula ni saa ngapi? Mimi lazima nile kabla ya saa saba."

"Huyu amekuja kwa tumbo yake," Juliet akamnong'oneza Ojera.

Matoke yakaletwa na mchuzi wa karanga. Mgeni akala vizuri. Ojera, kwa amri ya Juliet, akaisukuma sahani pembeni kama mtu asiye na hamu, huku moyo ukimuuma kuliko ugonjwa wowote aliowahi kuugua.

Mgeni akamtazama sana. "Mzee, zile ndoto za dawa ya zamani, za kukimbizwa usiku kucha, zilikwisha?"

"Zilikwisha, madamu," Ojera akajibu kwa sauti ya kufa. Akashangaa kidogo amezijuaje, halafu akajiambia kwamba wasomi husoma kila kitu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yao iliishia hapo mezani. Saa saba ilipogonga, simu ikaita.

Kila jicho likamgeukia Ojera, maana kikundini alijulikana kwa kuwa na simu mbili. Juliet akamkanyaga mguu. Katembo akaanza kukohoa kwa nguvu zote ili kuuzima mlio, lakini mlio haukuzimika.

"Si mimi!" Ojera akaruka juu. Akaisahau fimbo, akapindua mifuko yote mbele ya mgeni. Ikaanguka leso. Ikaanguka rozari. Ikaanguka chapati nzima, iliyokunjwa kwenye gazeti. Simu haikuanguka.

Na bado iliendelea kuita. Juliet akafumba macho na kuiaga kliniki yake.

Mgeni akafungua mkoba wake, akaizima simu, akatoa kichupa cheupe kama vile ambavyo wote walikuwa wamevificha nyumbani. Akadondosha kidonge kiganjani.

"Mzee, nisogezee maji," alisema. "Na ninyi mnanitazama nini? Saa saba imefika. Zenu ziko wapi?"