Vidole Havina Kipimo

"Kijiko changu hakidanganywi na mtu!" Dakta Zamda aliwatambia wakwe watarajiwa, kifua mbele kama jogoo aliyewahi kuwika kabla ya muadhini.

Ni yeye aliyegundua kwamba ugonjwa wa ubongo unaorithiwa katika ukoo huanza na njaa ya sukari, miaka kumi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Tangu hapo, sheria ilimtaka kila mtu ale kwa kijiko chenye kipimo, hata ugali. Kikiinasa njaa hiyo, weupe wake hugeuka wekundu, nawe huoi, huolewi, wala huzai.

"Na bibi harusi wetu, binti yako Tunu?" aliuliza mama mkwe.

"Kijiko chake cheupe pee, dada yangu, kama changu. Kwetu hakuna mgonjwa."

Mama aliyemzaa yeye Dakta, aliyekufa akitetemeka, hakumtaja.

Harusi ikapangwa Jumamosi. Wageni walipoondoka, Dakta alijifungia jikoni, akafungua kopo la sukari na kuchota kwa vidole. Akalamba, akachota tena, macho kayafumba kama mtoto anayenyonya.

"Mama."

Tunu alikuwa kasimama kwenye mlango wa uani, ambao Dakta alisahau kuufunga. Dakta akaficha mkono mgongoni, punje zikimwagika sakafuni.

"Naangalia sisimizi tu, mwanangu."

Tunu hakucheka. Alisogea, akachovya vidole vyake koponi, akavilamba taratibu, kwa mazoea.

"Nilikuwa najiuliza mbona linaisha upesi hivi," alisema. "Kumbe tuko wawili."