Injini ya Bäuerle

Bibi Edeltraud Bäuerle alisubiri mkurugenzi amalize hotuba yake, akainama, akapita chini ya kamba nyekundu, na kulitemea mate lile gari.

Lilikuwa gari la kwanza kabisa la kampuni ya Lauterwein, la mwaka 1931: jeusi, boneti ndefu, taa kubwa kama sahani. Lilisimama katikati ya makumbusho ya kampuni mjini Stuttgart, na wageni mia mbili walikuwa wamelizunguka. Muda mfupi kabla ya hapo injini yake ya silinda sita iliwashwa, mkurugenzi akasimamisha sarafu juu yake kwa ubavu. Sarafu haikutikisika. Watu walipiga makofi kama waumini waliosahau kwamba wako kanisani.

"Wezi!" Edeltraud alisema. "Wendelin Lauterwein alikuwa mwizi, na nyinyi mnakula karamu ya wizi wake."

Walinzi wawili walimdaka. Aliyewazuia ni mtunza nyaraka wa makumbusho, Nurcan Yıldız, mama wa makamo ambaye babu yake alitoka Uturuki kuja kiwandani kupachika milango ya magari hayohayo.

"Mwacheni. Ana miaka sabini na nane, atakimbilia wapi?" Kisha akamgeukia bibi. "Unaitwa nani?"

"Bäuerle. Binti wa Ottokar."

Nurcan alilirudia jina hilo kwa sauti ya chini. Akamshika mkono, akampeleka ofisini kwake, akamwekea kahawa na mkate wa chumvi uliopakwa siagi. Bibi alikula kwanza. Hasira hailiwi, alisema, na tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Halafu akasimulia.

Baba yake alikuwa fundi wa Lauterwein wakati kampuni nzima ni banda moja la mabati. Michoro ya injini ile ilitoka jikoni kwao, juu ya meza ya chakula. Ottokar aliipeleka kazini akiwa ameikumbatia kifuani. Lauterwein aliichukua, akaweka jina lake, akamtupa nje. Gari likauzwa kwa matajiri, likauzwa kwa wafalme, na Ottokar akaishia Esslingen kutengeneza baiskeli na cherehani.

"Kila Jumapili tulisimuliwa. Mama anakata tambi, anazidumbukiza kwenye maji ya moto, haongei. Sisi watoto tunalia. Na gari la Lauterwein likipita mtaani, ni sheria, sote tunaligeuzia mgongo. Siku moja mama alisahau. Akalitazama mpaka likapinda kona. Baba alimshika mabega akamgeuza kama mlango."

"Alikuwa fundi hodari, baba yako?"

"Wa ajabu! Cherehani ikimshinda, anaiacha mezani, anakwenda zake kunywa bia. Akirudi, inashona. Alikuwa akisema hata mashine huchoka, ipumzishe tu."

Nurcan hakucheka. Aliongeza kahawa kwenye kikombe ambacho hakijapungua.

"Mwaka sitini na moja Ekkehard aliniposa," bibi aliendelea, sauti ikashuka. "Mpaka rangi wa kiwanda hiki. Kijana mpole, kucha zake daima zina kijani au nyekundu. Baba akaniambia, chagua: mimi, au mkate wa mwizi. Nikaenda kituo cha treni nikamrudishia pete. Nilipokuwa natoka nyumbani mama alinifuata hadi mlangoni, akanikamata mkono, akafungua kinywa. Nikasema, mama, nini? Akakifumba. Akaniambia nivae skafu, kuna baridi."

"Ukaolewa na nani?"

"Nimeolewa na kesi hii, binti. Wadogo zangu wameshakufa, na mimi ndiye niliyebaki kuisema."

Nurcan aliinuka, akafungua kabati, akasimama amekipa mgongo chumba kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta karatasi moja.

"Mwezi uliopita walikuwa wanabomoa karakana ya zamani," alisema. "Ndani ya ukuta mkakutwa sanduku la bati. Nakala za barua za mzee Lauterwein mwenyewe. Moja aliiandika kwa baba yako."

Kikombe kilianguka kwenye kisahani. "Amekiri?"

"Kaa kwanza, bibi."

"Usinikalishe kama mtoto! Nimeingoja barua hiyo tangu sijajua kusoma. Amekiri au hakukiri?"

"Ningekuwa wewe, ningeichukua nikaisomee nyumbani. Pamoja na mtu wangu."

"Mtu wangu yupi? Si ndiye yule niliyemrudishia pete?"

Nurcan alifungua jalada. Akampa karatasi.

Edeltraud alivaa miwani. Aliomba mlango uachwe wazi, ili walinzi wale nao wasikie, na mkurugenzi akipita asikie. Akasimama wima, karatasi mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda:

"Bwana Bäuerle, hii ni mara ya tatu unaniandikia, na jibu langu ni lilelile. Sikukufukuza, uliondoka mwenyewe siku niliyokuomba unieleze injini hii inavyofanya kazi, ukashindwa. Jina la mkeo Walburga niko tayari kuliweka juu ya injini hata leo, na meza niliyomwandalia katika chumba cha wachoraji bado haijakaliwa na mtu. Kinachokosekana ni sahihi yako tu kama mumewe, ya kumruhusu aje kazini."